Upawa wa Kufungia

Zamani mtu akikalia kiti kibovu, mbao ndiyo iliyovunjika na gundi ikabaki imeng'ang'ania. Siku hizi mbao inabaki nzima na gundi ndiyo inayokukimbia kabla hujamaliza chai yako.

Nimefanya useremala maisha yangu yote, na hii gundi nyeupe ya kwenye chupa za plastiki siiamini. Sijui imetengenezwa na nani wala kwa kitu gani, na anayeniuzia hajui pia. Nikimuuliza ananiambia, mzee, soma kwenye chupa. Kwenye chupa pameandikwa kwamba ni gundi. Ile niliyoizoea mimi nilijua ilikotoka mpaka kwenye kiwele cha ng'ombe. Ilitengenezwa upande wa pili wa kichochoro, mkabala na karakana yangu, na bwana mmoja ambaye jina alilopewa na wazazi wake watu walikwisha kulisahau. Tulimwita Gandisha.

Gandisha alitengeneza gundi kwa maziwa. Vijana nikiwaambia hivyo wanatazamana na kutabasamu, wakidhani mzee ameanza kuota mchana. Basi watabasamu. Asubuhi gari la kiwanda cha maziwa lilimletea maziwa yaliyokwisha kuenguliwa mafuta, ambayo kiwanda hakikuwa na kazi nayo. Aliyapasha moto mpaka yakawa vuguvugu, akayamimina kwenye pipa kubwa la mbao, akayatia uchachu. Maziwa yalikatika. Mabonge meupe, ambayo wao waliyaita nyama, yalizama chini, na juu yakabaki maji maangavu ya rangi ya manjano kama mkojo wa mtoto mwenye afya. Nyama ilichujwa kwa kitambaa, ikaoshwa, ikakamuliwa, ikaanikwa kwenye trei mpaka ikakauka kama mchanga. Kisha ilisagwa kwenye kinu cha chuma chenye mkono wa kuzungushia. Unga wake ukiukoroga na chokaa na maji, ulipata gundi ambayo nimeunganishia milango iliyonyeshewa na mvua miaka na miaka bila kuachia.

Kazi hiyo aliifanya na mdogo wake. Gandisha alikuwa mrefu, mkavu, mwenye macho madogo yaliyotangulia kukupekua kabla mdomo haujakusalimu. Mdogo wake alikuwa mpole, mzito wa maneno, na alizungusha kile kinu kama mtu anayebembeleza mtoto. Pipa lilikuwa la mkubwa, kinu cha mdogo. Hivyo ndivyo baba yao alivyowagawia alipokuwa anaondoka duniani, akijua kwamba pipa bila kinu ni beseni la kuogea, na kinu bila pipa ni chuma cha kuuzia wakusanya vyuma. Yule mzee aliwafunga wanawe kwa urithi. Siku hizi mzee anagawa nyumba vyumba vyumba, kila mtoto na mlango wake, halafu anashangaa kaburini kwa nini hawasalimiani.

Shuku kwa Gandisha ilikuwa ni ulemavu wa kuzaliwa, kama wengine wanavyozaliwa na chongo. Chai ukimwekea sukari, aliionja kwanza pembeni mwa ulimi. Ukimwambia habari za asubuhi, alijiuliza unataka nini. Mimi alinikubali kwa sababu, alivyosema mwenyewe, seremala anaiba mbao, haibi maziwa. Niliichukua kama sifa.

Na shuku hiyo ilikuwamo hata kwenye ufundi wao. Enzi hizo hawakununua uchachu. Maji yaliyobaki jana waliyaweka kwenye pipa dogo mpaka yakachacha, na ndiyo yaliyogandishia maziwa ya leo. Maziwa yakishakatika, nyama ikishazama na maji yakishang'aa, mtu mwingine angesema kazi imekwisha. Baba yao aliwafundisha kuongeza upawa mmoja zaidi wa maji ya jana, upawa wa mti wenye mpini mrefu, na kuumwaga taratibu kuzunguka ukingo wa pipa. Uliitwa upawa wa kufungia. Nilimuuliza Gandisha siku moja unafunga nini. Akaniambia maziwa yana ujanja. Yakiona umeridhika, yanakuachia nyama nusu na nusu yanaificha. Upawa wa mwisho ni wa kuyaambia kwamba umeyajua.

Haukuwa na faida yoyote, lakini haukuwa na madhara. Maji ya jana uchachu wake ni dhaifu. Hata ungeyamwaga ndoo nzima, maziwa yasingebadilika. Desturi nyingi za wazee zilikuwa hivyo, na ndiyo maana zilidumu.

Kisha akaja bwana afya. Alisimama mlangoni na leso puani, akasema lile pipa dogo la maji chachu linanuka na linazalisha nzi, na kwamba akija tena akalikuta, atafunga karakana. Gandisha hakujiuliza harufu ilikuwaje. Alijiuliza nani amekwenda kusema. Kwa siku nzima alitukagua sote kwa macho, mimi, muuza mkaa, fundi viatu wa pale kona, na mwisho macho yake yakatulia kwa mdogo wake. Sababu ilikuwa kwamba mdogo ndiye aliyekuwa na jibu tayari. Mdogo alisema viwanda vikubwa havitumii maji ya jana. Vinatumia asidi ya dukani, ile kali ya kusafishia vigae, iliyochanganywa na maji. Akaenda, akanunua dumu, akajaribu. Alitia kikombe kwa kikombe, akikoroga na kusubiri, na maji yalipong'aa aliacha. Nyama ilitoka nyeupe na safi kuliko ya zamani, na kichochoro kikapumua.

"Umejuaje?" kaka yake alimuuliza.

"Nimeuliza watu, kaka."

"Watu gani?"

Mdogo alicheka. Ilikuwa vibaya kucheka. Mtu wa shuku ukimchekea, umemwandikia ushahidi.

Baada ya muda mfupi Gandisha alitangaza kwamba yeye ndiye mkubwa, pipa ni lake, na wa kugandisha ni yeye. Mdogo arudi kwenye kinu chake. Mdogo hakubisha. Alimkabidhi dumu na kikombe, akamwambia atazame maji, yaking'aa aache. Gandisha akasema asifundishwe kunyonya. Na maji yalipong'aa, mkono wake ulifanya ulichokifanya tangu ujanani: ukachukua upawa wa mti, ukauchovya kwenye dumu, ukazungusha ukingoni mwa pipa upawa wa kufungia. Asidi kavu, haijaguswa na maji.

Nyama ikaanza kupungua.

Mwanzo ilipungua kidogo, kiasi cha kumfanya mtu mwingine alaumu kiwanda cha maziwa kwa kuleta maji matupu. Lakini Gandisha alikuwa na jicho. Aliona kwamba hata maji yaliyobaki juu hayakuwa maangavu tena. Yalikuwa na ukungu, kama maji yaliyooshewa mchele. Alinivuta mkono nikayatazame. "Unaona?" aliniambia kwa sauti ya chini. Nyama imechotwa, alisema, halafu maziwa yamejazwa juu ili kuficha pengo. Nikamuuliza nani angechota nyama ya gundi na aipeleke wapi. Aliniambia mwizi haibi kwa sababu ana mahali pa kupeleka, anaiba kwa sababu umelala.

Ili maziwa yasifiche kitu, akaongeza upawa wa pili. Kisha wa tatu. Kadiri nyama ilivyopungua ndivyo alivyozidisha, na kadiri alivyozidisha ndivyo nyama ilivyopungua na maji yalivyozidi kuwa meupe. Kwa macho yangu ilionekana kama mwizi anapata ujasiri.

Mdogo wake alikuwa na mke, na mkewe alifuga kuku nyuma ya karakana. Kuku wale walikuwa wanene. Walikuwa wanene hata zamani, lakini zamani hakuna aliyewatazama. Adhuhuri moja, watu wakiwa wamekwenda kula, nilimkuta Gandisha amechuchumaa, amemshika tetea mmoja kwapani, anamminya tumbo la chakula shingoni kwa vidole viwili. Akaniita. Alitaka niguse niseme kama ni nafaka au ni nyama. Nikamwambia mimi nagusa mbao. Hapo shemeji yake akatokea na kopo la pumba mkononi, akasimama akatutazama, wanaume wazima wawili na kuku mmoja.

"Shemeji," alisema, "hao kuku wangekuwa wanakula gundi yako, yai lingetokea wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Gandisha alimwachia tetea taratibu, akapangusa mikono, akasema hajamtuhumu mtu. Shemeji akajibu kwamba kuku ndiye aliyetuhumiwa, na amesikia. Lakini alipogeuka kuingia ndani nilimwona uso wake. Utani ulikuwa umekwisha midomoni. Alikuwa ameelewa kwamba anayepekuliwa ni mumewe.

Na hilo ndilo lililokuwa mezani, tusidanganyane. Gundi ingekosekana, watu wangepigilia misumari. Lakini jina la mdogo, mtu ambaye sijamsikia akidanganya hata kuhusu mvua, lilikuwa linachafuka kidogo kidogo, kila pipa na doa lake, na anayelichafua ni kaka yake wa tumbo moja. Damu nzito kuliko maji, watu husema. Nimeiona ikitiwa maji.

Gandisha akaanza kuweka mitego. Alifunga uzi mweusi kwenye kifuniko cha pipa, akaniita niwe shahidi wa fundo. Alinyunyiza mlangoni unga wa mbao kutoka karakana yangu, ili aone nyayo. Uzi haukukatika. Nyayo zilikuwa zake tu. Mtu mwingine angefarijika. Yeye aliona kwamba mwizi huyu ni wa ndani kiasi cha kujua fundo lake, na ulipofika wakati wa kusema, akasema methali ambayo kila mtu karakanani alijua inampiga nani: kikulacho ki nguoni mwako.

Mdogo alikuwa anazungusha kinu. Kinu kilisimama kidogo, kisha kikaendelea.

Wakati huo binti wa mdogo alirudi likizo kutoka chuoni alikokuwa anasomea kemia. Mimi wasomi siwapendi kwa haraka. Mimi nimejisomea kwa vitabu vya mitumba, vingine vimekosa mwanzo na vingine mwisho, na nimekutana na wengi wenye vyeti ambao hawajafungua kitabu tangu siku waliyovipata. Nilimtazama nikisubiri aanze kujidai. Hakujidai. Alikaa siku kadhaa akimtazama baba yake akizungusha kinu kilichokuwa nusu tupu, akamsikia mama yake akisimulia habari za kuku, kisha asubuhi moja maziwa yalipofika akaja na glasi ya nyumbani na kijiko cha chai.

"Baba mkubwa, shikamoo. Naomba maziwa kidogo na tone la hiyo dawa yako."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Nimejituma."

Gandisha alimpa maziwa mwenyewe kutoka kwenye debe lililoshushwa na gari, ili kusiwe na la kusema baadaye. Niliitwa, kama kawaida, kushuhudia. Mdogo alisimama kando ya kinu chake, mikono imejaa unga. Binti alichanganya asidi na maji kwenye kopo, akaanza kutia kwenye glasi, kidogo, akikoroga. Maziwa yalizubaa, yakapata vijiwingu, kisha ghafla yakakatika. Nyama ikashuka, maji yakang'aa.

Akasema hapo ndipo pa kuacha. Gandisha akasema kazi haijafungwa. Binti hakubishana, akamsogezea glasi na lile dumu. "Haya baba mkubwa, funga mwenyewe. Mkono uwe wako."

Gandisha alichovya kijiko kwenye asidi kavu, akatia. Hakikutokea kitu. Akatia tena, akakoroga. Yale mabonge yakaanza kulegea kama sukari kwenye chai. Maji yakaingia ukungu. Kijiko kingine, na glasi yote ikawa nyeupe, na ukitafuta nyama huioni. Ilikuwa imeyeyuka mbele ya macho yetu wanne, mchana kweupe, na mwenye kijiko ni yeye.

Gandisha aliinua glasi akatazama chini yake. Akainusa. Halafu, na hili nililiona vizuri, akatazama mikono ya nguo ya yule binti.

Binti alimweleza kwa upole, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Alisema ile nyama ni protini, na protini ni mnyororo wa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino, na vipande hivyo vinabeba umeme, vingine chanya, vingine hasi. Ndani ya maziwa mazima hasi zimezidi kwenye kila chembe. Kwa hiyo kila chembe inamsukuma mwenzake, hakuna anayemkaribia mwingine, na ndiyo maana maziwa yanabaki maziwa. Ukitia asidi, chanya zinaongezeka. Kuna mahali pamoja tu ambapo chanya na hasi zinalingana ndani ya kila chembe, na jumla yake inakuwa sifuri. Hapo chembe hazina cha kusukumania. Zinagusana, zinashikana, zinazama.

"Na ukipita hapo," alisema, "sasa chanya ndizo zilizozidi, kwa wote. Wanaanza kusukumana upya, na nyama inarudi majini. Maji ya jana ya babu yalikuwa dhaifu, yasingeweza kupita. Hii inapita mara moja."

Gandisha akamuuliza kama mahali hapo ni pa maziwa tu. Binti akajibu kila protini ina mahali pake. Ya yai kwingine, ya ngozi na mifupa kwingine, lakini kila moja inapo. Baadaye nilitafuta kitabu cha kemia kwenye meza za mitumba barabarani nikayakuta maneno hayo, yamepewa jina refu la umeme kulingana, na kwamba protini iliyofika hapo, ukiiweka kati ya waya mbili za umeme, haiendi kwa huyu wala kwa yule. Inakaa. Nilisoma ukurasa huo mara nyingi kuliko ulivyostahili.

Siku ile lakini Gandisha hakutaka umeme. Alisema glasi ni glasi, pipa ni pipa. Mchezo wa mezani hata waganga wanauweza.

Pipa lilikuwa bado na maji yake meupe ya jana, yanasubiri kumwagwa mtaroni. Binti akamwomba baba yake chokaa kidogo, ile ile ya kukorogea gundi. Mdogo alisita, alimtazama kaka yake kuomba ruhusa, hata wakati huo. Gandisha akaitikia kwa kidevu. Chokaa ikakorogwa kwenye maji, ikatiwa ndani ya pipa kidogo kidogo, binti akikoroga kwa ule ule upawa wa mti. Tuliinama wote. Kwa muda sikuona kitu ila kivuli cha vichwa vyetu. Kisha ukungu ukaanza kukusanyika, ukawa vijiwingu, ukawa chengachenga, na zikaanza kushuka, nyeupe, nyingi, nyama ya pipa zima, na juu yake maji yakang'aa tukaona mbao za ndani.

Mali iliyoibwa ilikuwa imerudi yenyewe, na haikuwa imetoka popote. Yote tuliyokuwa tukiitafuta kwenye shingo za kuku alikuwa akiimwaga mtaroni kila siku kwa mkono wake.

Nilisubiri aseme neno. Mdogo alisubiri, unga unamdondoka mikononi. Nadhani lingetosha neno dogo, hata "kumbe" tu. Katika lugha yetu kumbe ni neno linalosamehe mambo mengi. Mtu akisema kumbe, mwenzake anajibu ndiyo hivyo, na chai inawekwa.

Gandisha aliingiza mkono ndani ya pipa mpaka kwenye kiwiko. Akatoa konzi ya nyama, akaiminya, akaitazama ikitoka katikati ya vidole. Kisha akainua uso.

"Nani aliyeitia humu?" alisema.

Mdogo wake alijifuta mikono kwa kile kitambaa cha kuchujia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana kitambaa kile kilikuwa kitakatifu kwao.

"Kaka," alisema, "mimi nimechoka kuhesabiwa kama kijiko."

Akatoka nje, na binti yake akamfuata. Gandisha akanigeukia mimi, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilitazama vizuri, kama haikuwezekana binti amekuja na nyama imefichwa ndani ya chokaa. Nikamwambia nyama ya pipa zima haifichiki ndani ya kopo. Akasema ndiyo, akatikisa kichwa, lakini kwa namna ya mtu anayeniongeza mimi kwenye orodha yake.

Siku zilizofuata nilimtazama kupitia dirisha langu akigandisha peke yake. Maji yaling'aa. Aliuchukua upawa, akauchovya, akauinua juu ya ukingo wa pipa. Ukakaa hapo hewani. Kisha akaurudisha kwenye dumu taratibu, akageuka kutazama kama kuna aliyemwona. Kwa hiyo alikuwa ameelewa. Nyama ikarudi kuwa nyingi, na hakumwambia mtu yeyote. Alikuwa na njia fupi ya kwenda kugonga mlango wa mdogo wake, ua mmoja tu, na hakuipita, kwa sababu akilini mwake kuomba radhi kulikuwa ni mtego ambao wengine walikuwa wamemfungia uzi.

Mdogo alingoja kiasi cha heshima. Kisha akatuma ujumbe kwa mdomo wangu kwamba anahama na familia yake, ng'ambo ile ya mji, na kwamba atachukua kinu, kwa kuwa ndicho alichopewa na baba. Gandisha aliposikia aliniuliza kwa nini amenituma mimi, kwa nini hakuja. Kisha akaniuliza tena, ng'ambo ya mji kuna nini.

Pipa bila kinu na kinu bila pipa. Nilijaribu kwa muda kununua unga ambao Gandisha aliuponda kwa nyundo, lakini ulikuwa na mawe mawe, na gundi yake ilikataa kulala. Wateja wakaanza kuja na zile chupa za plastiki. Gari la kiwanda cha maziwa likazoea kupita bila kusimama. Hivyo ndivyo ilivyokufa kazi ambayo nzi na bwana afya walishindwa kuiua.

Siku ya kuhama ulikuja mkokoteni wa magurudumu mawili. Vitanda, masufuria, kikapu cha kuku kilichofungwa kamba, yote yalipakiwa na mke na binti. Kikabaki kinu. Kinu kile kilihitaji watu wawili, na mwenye mkokoteni alikuwa mzee mwenye mgongo mbovu. Mimi nikaweka randa chini nivuke kichochoro. Kabla sijafika, Gandisha alikwisha kutoka. Alishika upande mmoja, mdogo wake akashika mwingine, wakakiinua pamoja bila kuhesabiana, kama watu waliokwisha kukiinua mara elfu, na wakatembea nacho hatua fupi fupi, nyuso zimetazamana kwa sababu mzigo uliwalazimisha. Walipokiweka, mkokoteni ukainama. Gandisha akaizungukia kamba akaivuta kuona kama imekaza. Akainua ncha ya gunia lililofunika vyombo, akachungulia chini yake, akalirudisha. Mdogo wake alimngoja amalize.

"Kwaheri kaka," alisema.

"Haya."

Mkokoteni ukaondoka. Mama na binti walitembea pembeni, mdogo alisukuma nyuma, na kuku walilalamika kwenye kikapu chao. Gandisha akasimama kidogo mlangoni, halafu akaanza kuwafuata, mikono nyuma, kwa umbali wa mtu ambaye hataki kuulizwa anakwenda wapi. Nilibaki na vumbi la mbao mikononi nikimtazama. Kwetu mgeni husindikizwa, na kaka humsindikiza mdogo wake hata kama wamegombana. Lakini pia mlinzi wa ghala huufuata mzigo mpaka uvuke lango, ahakikishe hakuna kilichozidi. Mwendo wao ni mmoja, na kwa mgongo wa mtu huwezi kuona macho yake yanatazama nini. Walifika kwenye kona ya fundi viatu, mkokoteni ukapinda, wakapinda nao, na yeye akapinda nyuma yao. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kuwaona wote wawili pamoja.